Kibosho inafukuza makocha wa Kariakoo, timu ya nyumbani nani anaiona?

Siku Simba au Yanga inapocheza, Kibosho hakuna haja ya kuuliza matokeo. Kelele za kibanda umiza zinasikika hadi barabarani. Ukisikia vigelegele, ujue bao limeingia. Ukisikia kimya kisha mtu mmoja akafoka, ujue kocha ameshafukuzwa.

Anayefoka mara nyingi ni kijana wa chuo. Asubuhi alikuwa darasani Moshi mjini, jioni amepanda Hiace ya Kibosho kurudi nyumbani. Jezi iko mwilini na simu iko mkononi. Amelipa kiingilio chake na amewahi benchi la mbele. Anajua mfumo unaotumika, anajua nani alipaswa kuanza na nani alipaswa kupumzishwa. Dakika ya 60 ikifika bila bao, hukumu inatoka: "Huyu kocha hafai, aondoke leo leo!"

Wazee wa kule nao hawakosi la kusema.

"Mjukuu wangu, huyo kocha amekaa miezi mingapi?"

"Minne, babu."

"Na mbuni nikiupanda leo, nitachuma kahawa baada ya miezi minne?"

Banda zima linacheka, kijana anacheka pia, lakini msimamo wake uko palepale. Kocha aondoke.

Mzee ana hoja, na kumbukumbu za hapa hapa nchini zinambeba. Nasreddine Nabi alipotua Yanga Aprili 2021 hakuja na miujiza. Msimu ule ubingwa ulikwenda Simba. Septemba mwaka huo huo Yanga ikatolewa mapema Ligi ya Mabingwa Afrika na Rivers United ya Nigeria, tena ikifungwa nyumbani na ugenini. Kwa sheria za kibanda umiza, hapo kibarua kilikuwa kimeshaota nyasi. Yanga ikamvumilia. Msimu wa 2021/22 ikachukua ubingwa bila kupoteza mchezo, msimu uliofuata ikautetea, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ililikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini tu, baada ya kufungwa 2-1 Dar es Salaam na kushinda 1-0 kwa USM Alger kule Algiers.

Wakati huo upande wa Msimbazi mlango wa kocha haukufungwa. Tangu Patrick Aussems alipoondolewa Novemba 2019 hadi Fadlu Davids alipofika katikati ya 2024, walipita Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Roberto Oliveira 'Robertinho' na Abdelhak Benchikha. Palipotokea pengo, Juma Mgunda naye aliwahi kuitwa kuziba. Wapo waliofukuzwa, wapo walioondoka wenyewe. Ila kwa mchezaji hakuna tofauti: kila mara ni mwalimu mpya, mazoezi mapya na kuanza moja.

Robertinho alikuwa hajapoteza mchezo wa ligi msimu wa 2023/24 mpaka Novemba 5, 2023, Yanga ilipoichapa Simba 5-1. Siku mbili baadaye akafungashiwa virago. Fadlu alipopewa msimu mzima, Simba ikafika fainali ya Shirikisho mwaka 2025, fainali yake ya kwanza ya Afrika tangu ile ya Kombe la CAF mwaka 1993. Haikubeba, RS Berkane ndiyo iliyobeba, lakini hata mpinzani wake anakiri kuwa ile ilikuwa timu inayoeleweka.

Shabiki wa Yanga asichekelee sana. Aliyempiga Robertinho zile tano ni Miguel Gamondi. Akabebwa juu juu, akatwaa ubingwa wa 2023/24, akaifikisha Yanga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Novemba 2024, mwaka mmoja tu baada ya zile tano, akaondolewa baada ya kufungwa na Azam na Tabora United mfululizo. Novemba 2025 nchi nzima ikamkabidhi Taifa Stars. Kocha aliyeonekana hafai kwa mechi mbili akaonekana anafaa kwa taifa.

Kijana wa Kibosho ana jibu, na si jibu jepesi. Atasema, "Yanga ilitumia makocha watatu msimu wa 2024/25, Gamondi, Ramovic na Hamdi, na ubingwa ikachukua. Sasa uvumilivu wa nini?" Ni kweli. Yanga ilibadilisha makocha kama jezi na ikamaliza juu. Lakini Yanga ina wachezaji ambao hata kocha akikosea wanaweza kuamua mechi, na ina fedha za kununua wengine dirisha likifunguliwa. Timu isiyo na akiba hiyo ikiiga mtindo huo, inashuka.

Na mfano wa timu iliyoshuka haupo mbali. Uko chini kidogo ya mlima, mwendo wa Hiace moja kutoka Kibosho.

Polisi Tanzania ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na nyumbani kwake palikuwa Uwanja wa Ushirika, Moshi. Ilianza kwa kishindo. Oktoba 2019 ilikwenda Dar es Salaam kuivaa Yanga, mshambuliaji wake Ditram Nchimbi akafunga mabao matatu peke yake, mechi ikaisha 3-3. Wakati huo timu ilikuwa chini ya Selemani Matola. Moshi ilikuwa na timu ya kutamba nayo, na kocha mzalendo wa kutamba naye.

Ikafika Desemba. Kila Mchaga anajua Desemba maana yake nini. Barabara ya kutoka Dar inajaa magari, watoto wanarudi kwa bibi na babu, migombani kunanukia nyama. Lakini Desemba ile ya 2019, wakati watu wanapanda mlimani, timu yao ilikuwa inashushwa mizigo. Matola akaitwa Simba kuwa kocha msaidizi. Dirisha dogo likafunguliwa, Nchimbi akavaa jezi ya Yanga. Moshi ikabaki bila kocha wake na bila mfungaji wake, katika mwezi mmoja.

Kibosho ilisema nini? Wa Simba walimkaribisha Matola nyumbani kwake pa zamani. Wa Yanga walimshangilia Nchimbi. Hakuna aliyefoka kwamba timu ya Moshi imevunjwa, kwa sababu katika banda hakukuwa na mtu wa timu ya Moshi.

Na Simba au Yanga zilipokuja kucheza na Polisi, mashabiki walijitokeza kwelikweli. Ila jezi nyingi zilikuwa nyekundu, au njano na kijani, kulingana na mgeni. Mwenyeji alikuwa mgeni kwake. Mechi na timu za kawaida zilipofika, wengi wa wale wale walibaki majumbani wakisubiri mechi ya runinga.

Msimu wa 2022/23 mambo yakaharibika. Kocha akabadilishwa katikati ya safari, na hata Mwinyi Zahera, aliyewahi kuinoa Yanga, alikabidhiwa jahazi likiwa limeshaingia maji. Polisi Tanzania ikashuka pamoja na Ruvu Shooting. Msimu wa 2023/24 na wa 2024/25 ikapita, Ligi Kuu ikichezwa bila timu hata moja ya Mkoa wa Kilimanjaro. Timu ya taifa ya Bara inaitwa Kilimanjaro Stars, lakini Kilimanjaro yenyewe haimo kwenye ligi.

Hapa kijana wa chuo anajitetea tena, na utetezi wake unastahili kusikilizwa. "Polisi ni timu ya jeshi, si yetu. Leo iko Moshi, kesho wanaihamisha. Nitaipendaje?" Hajakosea sana. Mapenzi ya timu hayaagizwi kwa barua. Yanga ilianza 1935 na Simba 1936, na zilianza kwa vijana wa mitaani waliotaka timu yao, wakalipa ada na wakagombana ndani yake. Mtu wa Kibosho aliyerithi Simba au Yanga kwa baba yake amerithi kitu cha kweli, na hakuna mwenye haki ya kumwambia akivue.

Lakini hoja hiyo hiyo inamrudia. Kama Polisi si yao, ya kwao iko wapi? Wazee wanaikumbuka Ushirika ya Moshi. Panone ilikuja ikacheza daraja la kwanza, hadithi yake ikaishia njiani bila kuiona Ligi Kuu. Kila timu inapokufa, watu wa mlimani wanatikisa kichwa kama waliosikia msiba wa jirani wa mbali.

Si kwamba kuchangishana hawawezi. Watu hawa hawa ndio walioanzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kikafuatiwa na KNCU mwaka 1933, na hawakuwa matajiri. Walikuwa na vihamba na umoja. Mpaka leo mtoto wa Kibosho akitaka kuoa, kamati inakaa, ahadi zinaandikwa, mamilioni yanapatikana, na asiyelipa anapigiwa simu mpaka alipe. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Timu ya kijiji haina hata mpira wa akiba.

Na utani wa jadi, ambao ndio chumvi ya mpira, mlimani haujawahi kukosekana. Enzi za Mangi Sina, Kibosho na Machame hawakuwa watani, walipigana vita kweli. Leo imebaki vijembe vya harusini na vya kilabuni: Mkibosho anamsema Mmachame, Mmachame anamsema Mrombo, Mrombo anamsema Mmarangu. Sasa mashabiki wanakopa ugomvi wa Jangwani na Msimbazi, mitaa iliyo zaidi ya kilomita 500 kutoka walipo, wakati wa kwao umelala bure. Kibosho na Machame zikicheza mechi ya maana Siku ya Boxing Day, watu wa Dar wakiwa wamepanda nyumbani, nani atabaki ndani?

Marekani wameliona hili zamani, na wameliona vyuoni. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza zaidi ya watu 100,000, na wanaocheza pale ni wanafunzi. Hasimu wao mkubwa ni chuo cha jimbo la jirani, Ohio State, na wamekuwa wakitoana jasho tangu 1897. Mtu aliyemaliza pale miaka 40 iliyopita bado anamjua kocha wa sasa kwa jina, bado anamlaumu, na bado ananunua tiketi. Fedha zao hazifanani na za Moshi, hilo liko wazi. Lakini mazoea ya kushabikia timu ya mahali unapokaa hayahitaji fedha za Marekani.

Moshi ina vyuo. Kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kuna Mwenge, kuna KCMC, na huko juu kuna Chuo cha Wanyamapori Mweka. Uwanja wa Ushirika wenyewe ni uwanja wa chuo, na kila mwaka wanariadha wa Kilimanjaro Marathon wanamalizia mbio zao hapo huku dunia ikitazama. Mwanafunzi anapita kando ya uwanja huo akienda darasani, kisha jioni anapanda gari kwenda kutazama uwanja mwingine kwenye runinga.

Anayeumia zaidi katika haya ni mtoto wa miaka 15 wa Umbwe au Kirima mwenye mguu wa dhahabu, kuliko hata Polisi Tanzania. Mkoa wenye timu Ligi Kuu unampa mtoto huyo ngazi ya karibu: kocha wa kumwona, timu ya vijana ya kujaribiwa, mchezaji wa mtaani kwao wa kumfuata. Mkoa usio na timu unampa nauli ya basi la Dar, kama nauli ipo. Wengi hawapandi basi hilo. Wanabaki kuwa hadithi za "yule jamaa alikuwa hatari sana alipokuwa shule."

Shabiki wa Kibosho haambiwi aiache Simba yake wala Yanga yake. Mtu anaweza kuwa na timu aliyorithi na akawa na timu ya nyumbani. Anachodaiwa ni kuweka uzito sawa. Anayemdai kocha wa Kariakoo ushindi kila Jumapili naye adaiwe kitu kimoja: mara ngapi mwaka huu amelipa kiingilio kutazama mpira Moshi? Ameijua timu gani ya mkoa wake, kocha wake ni nani, imefungwa na nani wiki iliyopita?

Kocha wa Simba na kocha wa Yanga hawamsikii mtu wa kibanda cha Kibosho. Atapiga kelele mpaka sauti ikauke, wao wataamuliwa na watu wengine kabisa. Jumamosi moja, kabla ya kumtimua wa Kariakoo, ateremke na Hiace mpaka Ushirika akamtazame kocha wa kwao. Akae jukwaani dakika 90. Akiona hafai, amfokee kwa nguvu zote. Huyo atageuka amtazame.