Setilaiti Yetu Ijayo Iwe na Injini

Tangu setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliporushwa mwezi wa Novemba 2022, nimesikia wanafunzi wenzangu wakibishana juu yake. Wengine husema ni fahari ya nchi. Wengine husema ni fedha iliyotupwa, kwa kuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande hakiwezi kufanya kazi ya maana. Mimi simo katika kundi la hawa wala la wale. Neno langu ni moja tu: ijayo iwe na injini.

Vijisanduku vya namna hiyo, vikiachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Angani, huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 400 hivi. Huko juu hewa ni haba mno, lakini ipo, nayo hukivuta chombo kidogo kidogo hata kikashuka, na baada ya mwaka mmoja au miwili kikaungua. Wahandisi wetu watatu walikwenda Japani kujifunza na kuiunda setilaiti ile. Basi si haki kazi ya namna hiyo iishe upesi kwa kukosa msukumo mdogo tu.

Najua wapenda kelele za roketi watataka moto na moshi. Lakini chombo kidogo hakina pa kuweka mafuta. Injini ya umeme hupata nguvu kwa jua: huondoa elektroni katika atomu za gesi kama zenoni, na ioni zinazobaki hutupwa nje kwa mwendo wa kilomita 15, hata 30 na zaidi, kwa sekunde. Moto wa roketi haufiki kilomita 5. Chombo cha Ulaya kiitwacho SMART-1, kilichorushwa mwaka 2003 kikiwa na kilo 82 tu za zenoni, kilifika mwezini Novemba 2004, ingawa msukumo wake haukuzidi uzito wa karatasi tatu za daftari. Kilichukua miezi kumi na mitatu na zaidi, lakini kilifika.

Sasa tazameni shida yenyewe. Ukitupa nje ioni zenye umeme chanya, chombo hubaki na umeme hasi, nacho kitazivuta zirudi. Lazima elektroni zitupwe pia. Kwa desturi hutolewa kwa kifaa kinachopashwa moto, nacho hula umeme, hali kijisanduku kama chetu chapata wati mbili tatu tu. Hapa ndipo ifaapo mirija ya kaboni, ambayo Iijima wa Japani aliitangaza mwaka 1991. Unene wake hupimwa kwa nanometa, yaani milimita moja ikikatwa vipande milioni. Kwa kuwa ncha zake ni kali mno, umeme hujikusanya hapo, na elektroni hutoka bila moto wowote. (Waliosoma habari za vyuma vya kukinga radi wataelewa.) Si ndoto: katika LISA Pathfinder, iliyorushwa Desemba 2015, injini ndogo za Wamarekani zilikuwa na kitoa elektroni cha mirija hiyo.

Hata hivyo mirija hiyo huharibika. Ioni zinazorudi huipiga, na oksijeni iliyoko huko juu huila. Atakayepata namna ya kuikinga atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko mtunga hesabu za njia ya chombo, na kazi hiyo ni ya kemia. Lakini hapa kwetu kila apendaye anga hukimbilia fizikia, na viti vya kemia vyabaki vitupu! Ati kemia ni ya watakao uganga tu.

Mtu aweza kusema hatuna mitambo ya kuonea vitu vidogo hivyo. Shuleni hatuna, kweli. Lakini baadhi ya wanafunzi wa zamani wako vyuo vikuu, hapa na ng'ambo, ambako mitambo hiyo imo. Nawaomba watuandikie katika gazeti hili: wanaitumiaje, na kijana wa kidato cha tano asome nini ili apokewe huko?