Ganda la Mguu wa Bandia

Mtu aliyekatwa mguu, awe askari aliyekanyaga bomu la kutegwa ardhini au mtoto aliyegongwa na gari, maisha yake hutegemea kikombe kinachopokea kigutu chake. Kikombe kikibana, ngozi huchubuka na kufanya kidonda. Kikilegea, mguu hucheza na mwenyewe huanguka.

Tangu zamani fundi huzungusha bandeji za plasta juu ya kigutu, akapata kalibu, kisha akachonga kwa mkono. Njia hiyo ni njema, ila huchukua siku kadhaa. Mwaka 2015 hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, nchini Uganda, ilijaribu njia nyingine kwa kushirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Kigutu hupimwa kwa skana, umbo lake likaingizwa katika kompyuta, na kikombe kikachapwa kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka.

Umbo hilo la kompyuta ni wavu wa maelfu ya pembetatu zilizoshikana, usio na unene wowote. Kuugeuza kuwa ganda lenye ukuta ni kazi yenye taratibu zake.

Kwanza, matundu yote ya wavu yazibwe, maana wavu uliotoboka hauonyeshi ndani ni wapi na nje ni wapi. Pili, vipimo vihakikishwe. Faili la aina ya STL, lililobuniwa mwaka 1987, halitaji kizio cha vipimo. Milimita zikisomwa kama inchi, umbo hukua mara 25.4. Tatu, mtaalamu wa viungo aamue mahali pa kubana na mahali pa kulegeza, kwani kompyuta haijui maumivu.

Ndipo unene hufuata, na hapa wengi hukosea. Wao hunakili umbo na kulikuza kidogo, wakidhani wamepata ukuta. Tuseme kigutu kina upana wa milimita 100 na urefu wa milimita 300. Kikikuzwa kwa asilimia 8, upana huongezeka milimita 8, yaani 4 kila upande. Lakini urefu huongezeka milimita 24, yaani 12 kila mwisho. Ukuta huo haulingani. Yapasa kila sehemu ya wavu isogezwe umbali uleule, kisha umbo la awali liondolewe katikati, kama boga linavyokombwa, na upande wa juu ukatwe uwe mdomo.

Tena wavu usogezwe kwenda nje. Ukuta wa milimita 4 ukijengwa kwenda ndani, nafasi ya kigutu hupungua milimita 8, nao mguu hautavalika. Kabla ya kuchapa, fundi na akate umbo kwenye kioo cha kompyuta, apime ukuta mahali pengi.

Nyumbani nako kuna wajibu. Mke, mume au mzazi akague ngozi ya mgonjwa kila jioni. Alama au uchungu usioondoka upesi baada ya kuvua kikombe ni dalili kwamba kipimo hakikufaa. Kikombe kisikwanguliwe kwa kisu wala kisijazwe matambara. Mgonjwa arudishwe kwa mtaalamu, kwani umbo lake limehifadhiwa na ganda jipya laweza kutengenezwa.