Kuota si kupona



Ukitoka Shinyanga mjini kwenda Mwanza utapita Maganzo, ule mji mdogo jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Wengi wetu tukisikia huko tunawaza mawe tu. Leo naomba tuwaze mahindi, mtama na mpunga, maana almasi haipikwi.

Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, tope likaingia kwenye nyumba na mashamba ya Ng'wang'holo na Nyenze. Sasa shamba lililofunikwa na tope la mgodi utajuaje kama ni zima? Jibu la kijiweni ni moja: panda uone, ikiota basi udongo hauna neno.

Hapo ndipo ninapobisha. Mbegu ina ganda lake na akiba yake ya chakula, hivyo inaweza kuota hata penye metali nzito nyingi. Taabu huanza mzizi ukishatoka. Unadumaa, unakuwa mnene na wa kahawia, majani nayo yanageuka njano, ukadhani ni njaa ya mbolea. Mche hujitetea kwa kuzifunga metali hizo na kuzificha mizizini, na ndiko zebaki nyingi hubaki. Kadimiamu ni mjanja zaidi: hupita njia ya zinki ikafika kwenye majani na nafaka, huku mmea ukipendeza macho.

Jamani, sisemi tope la Mwadui ni sumu. Mwamba wa kimbalaiti unaobeba almasi una nikeli na kromiamu nyingi kwa asili, ila sehemu kubwa imefungwa ndani ya jiwe. Ni kiasi gani kinaufikia mzizi? Jicho halijui, maabara inajua. Geita nako ni hivyo hivyo kwa zebaki ya wachimbaji wadogo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini saini haiondoi zebaki iliyokwisha kumwagika.

Rai yangu: kila tope likimwagika, udongo upimwe kabla ya msimu, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa lugha inayoeleweka. Samadi na chokaa husaidia kupunguza baadhi ya metali zinazonyonywa, lakini huwezi kutibu usichopima. TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa udongo, kiko Tanga. Mkulima wa Nyenze abebe kiroba cha udongo mpaka huko kwa nauli yake? Alipe mwenye bwawa.

Au nimekosea? Semeni.