Mutoto anakataa biberoni, na konje inakwisha

Swali la juma hii limetoka kwa mama mumoja wa Manika mwenye kufanya kazi ya usafi katika kampuni ya madini. Mutoto wake ana juma sita. Ananyonya vizuri, kilo zinapanda, lakini akionyeshwa biberoni anafunga mudomo, anageuza kichwa, analia mupaka anachoka. Kazi inaanza nyuma ya juma mbili. Shangazi wa mutoto amemushauri amuache na njaa siku nzima, eti atakubali mwenyewe. Mama anauliza kama ni kweli.

Hapana. Mutoto mwenye njaa kali analia, na mutoto mwenye kulia hawezi kujifunza kitu. Tena kwa umri ule hana kiburi: anajua njia moja tu ya kula, yenye joto na harufu ya mama yake, na sasa tunamuletea kitu cha plastiki.

Tuseme kwanza kwa nini haraka hii yote. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya Oktoba 2002, inamupatia mama juma 14 za pumziko la uzazi, lakini juma zenye kufuata kuzaliwa kwa mutoto hazipite 8. Katika wakati huo analipwa sehemu mbili juu ya tatu za mushahara wake. Kwa hiyo bisi ya kampuni inakuja kumuchukua mama wakati mutoto hajatimiza hata miezi miwili. Wakambo wetu wa kambi za Union Minière, na kisha za Gécamines, wengi hawakujua hesabu hiyo: bwana ndiye aliingia kazini, posho ilifika nyumbani, na mama alibakia na mutoto mugongoni. Ndiyo maana ukimuuliza kambo juu ya biberoni, mara nyingi atajibu: mupe uji. Tunamuheshimu kambo, lakini uji wa miezi miwili, hapana. Mupaka miezi 6 maziwa ya mama yanatosha, hata maji hayaombwe.

Basi mama wa Manika aanze juma hii, asingojee siku mbili za mwisho. Mara moja kwa siku, wakati mutoto ameanza tu kuwa na njaa ao anaamuka polepole, mutu mwingine amupatie maziwa yenye mama amekamua. Mutu huyo awe yule yule mwenye atabakia naye muchana. Mama atoke nje kabisa, aende hata kwa jirani, kwa sababu mutoto akimusikia ao akisikia harufu yake atataka ziwa. Lakini kitenge chenye mama amevaa kinaweza kubakia kwenye mapaja ya mwenye kumulisha; kinasaidia watoto wengi.

Mutoto akae karibu wima, asilale chali. Tia tone la maziwa kwenye mudomo wake wa juu, ungojee afungue mwenyewe. Biberoni ilale, isisimame, ili maziwa yasimumiminikie kooni, na tetini iwe ya tundu dogo. Akinyonya mara chache, umupumuzishe. Akikataa nyuma ya dakika kumi, acha bila hasira, mama arudi amunyonyeshe, mutajaribu tena kesho. Wengine wanakubali wakitembezwa, wengine wakigeuzwa kutazama nje, mbali na uso wa mwenye kuwabeba. Kwa umri huu, mililita 60 mupaka 120 kwa mara moja zinatosha. Usimulazimishe amalize chupa.

Na akikataa siku zote? Apewe kikombe. Kusema kweli, kwa nyumba nyingi za hapa Kolwezi, mimi naona kikombe ni bora kuliko biberoni tangu mwanzo. Tetini na shingo ya chupa vinaficha mabaki ya maziwa, vinaomba brashi na kuchemushwa kila mara, na maji yakikatika siku mbili munajua vile inakuwa. Kikombe kidogo cha wazi kinaoshwa na maji ya moto na sabuni, kimekwisha. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakishauri hata kwa watoto wadogo sana. Mutoto akae wima kwenye mapaja, ukingo wa kikombe uguse mudomo wa chini, maziwa yafikie ukingo tu. Atalamba na ulimi kama paka. Usimumiminie, atapaliwa. Siku za kwanza nusu itamwangika kwenye nguo. Hiyo ni kawaida.

Maziwa yenye yamekamuliwa yawekwe katika chupa ya kioo yenye kifuniko, yenye imechemushwa. Nje, kwenye kivuli na baridi, masaa 4. Katika mwezi wa kumi, jua likiwaka, usifike huko. Kwenye frigo, siku 4, kama umeme haukatike. Kuyapasha moto, weka chupa ndani ya bakuli ya maji ya moto. Usiyaweke juu ya mbabula. Yenye yamebakia kwenye kikombe nyuma ya masaa 2, mwanga.

Sasa kazini. Sheria ile ile inamupatia mama mwenye kunyonyesha nusu saa mbili kila siku, na zinalipwa kama saa za kazi. Wamama wengi hawaziombe, wanaogopa shefu. Ziombe, na ikiwezekana kwa maandishi mbele ya kurudi. Kama nyumba iko mbali, utazitumia kukamua, kwa sababu ziwa lenye kukaa limejaa muchana kutwa linapunguza maziwa, na linaweza kuvimba na kuleta homa.

Kwa wamama wenye kufanya kazi karibu na mashimo ao kuosha mawe, neno moja zaidi. Katika 2018, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mukojo kuliko watoto wa mahali pengine. Vumbi linafuata nguo na mikono. Hiyo si sababu ya kuacha kunyonyesha. Ni sababu ya kuosha mikono na kifua na sabuni, na kubadilisha kitenge, mbele ya kumushika mutoto. Na usikamulie maziwa penye vumbi.

Juma ya kwanza ya kazi, usishangae mutoto akila kidogo tu muchana, kisha usiku ananyonya karibu kila saa. Anakungojea. Inachosha, lakini haimaanishe kwamba maziwa yamekwisha. Mwambie mwenye kumuchunga ahesabu mikojo: mara 6 ao zaidi kwa siku, ni vizuri. Ikipunguka, ao mutoto akiwa mulegevu na hataki hata ziwa, musingojee siku ya kupima kilo, mumupeleke kwenye kituo cha afya siku ile ile.