Malimbikizo si Hisani



Mwezi uliopita walikuja afisini petu wenzetu waliopunguzwa kazi, kila mmoja na karatasi ya kutia sahihi: "Nimepokea malipo yote, sina dai jingine." Karani wa mwajiri aliwaambia kwamba malimbikizo ya nyongeza ni hisani ya kampuni, kwa hiyo kiinua mgongo kimehesabiwa kwa mshahara wa zamani. Sisi twasema sivyo.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, kifungu cha 59, yaeleza kwamba mapatano ya chama na mwajiri yakisha kuandikishwa na Mahakama ya Kazi huingia katika mkataba wa kila mfanya kazi anayehusika, na huanza kuhesabiwa tangu tarehe waliyopatana wenyewe. Mapatano ya wenzetu hawa yaliandikishwa kabla hawajapunguzwa. Basi nyongeza ile ilikuwa mshahara wao tangu tarehe hiyo. Jasho lilikwisha kutoka. Kilichochelewa ni fedha tu. Mwenye duka ukimcheleweshea deni la unga, je, unga huo umekuwa zawadi yake kwako?

Tazameni hesabu. Mtu wa Shs. 1,000/- kwa siku, aliyetimiza miaka 9, kwa siku 15 kila mwaka apata Shs. 135,000/-. Nyongeza ya Shs. 100/- kwa siku ikihesabiwa, apata Shs. 148,500/-. Shs. 13,500/- zapotea kwa neno moja la karani, mbali na malimbikizo yenyewe!

Kiinua mgongo ni jambo jingine, na hapa tuseme kweli. Wako kati yetu wanaotaka kiitwe mshahara. Sisi hatukubali. Hakuna siku ya kazi ambayo fedha hiyo ni malipo yake. Ni fidia ya mtu aliyepoteza kazi bila kosa. Wala si sadaka: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yamlazimisha mwajiri kulipa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Tukikiita mshahara, mwajiri mjanja atajibu kwamba notisi na likizo zimo humo humo. Hazimo. Kila moja hulipwa peke yake.

Kampuni ikifilisika, mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Ufilisi ya 2015 yaweka mishahara ya miezi 4 ya mwisho pamoja na kiinua mgongo katika fungu moja la kulipwa mapema, lakini jumla isizidi Shs. 200,000/- kwa mtu. Kinachobaki hungoja na wadai wengine, na mara nyingi hakuna kitu. Ndiyo sababu twawaomba wajumbe wa matawi wasiache malimbikizo yalale mwaka mzima kwa ahadi za wakubwa.

Aliyekwisha kutia sahihi asinyamaze, ila ajue kwamba mahakama zaweza kuishika sahihi hiyo kama mapatano, ikiwa alielewa na hakulazimishwa. Na muda wa kushtaki ni miaka 3.

Kati ya wenzetu wale, mmoja alikataa kutia sahihi. Karatasi yake tunayo, na barua kwa Ofisa wa Kazi imekwisha kupelekwa. Wengine walio katika hali hiyo walete hati zao za mshahara afisini, za zamani na za sasa.