Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Masomo ya Uzamili: Bonasi Mbili za Mama

Profesa,

Nimepata mwaliko wako wa kuja kuzungumza na wanafunzi wapya wa uzamili kuhusu namna ya kuyamudu masomo hadi mwisho. Nashukuru kwa heshima hiyo. Umeniita mfano wa ustahimilivu. Nilicheka hadi mama akauliza kuna nini, nikakosa la kumwambia.

Tasnifu yangu niliileta ofisini kwako Machi 2023. Ilihusu wanawake wachuma chai na mashine zinazowaondoa mashambani. Sikupewa risiti. Miezi miwili baadaye, Mei 2023, mashine hizo zikachomwa moto huko Kericho na nchi nzima ikauliza kulikoni. Sehemu ya jibu, kurasa 168, ilikuwa imelala kabatini mwako. Ripoti ya mtahini wa nje ilipofika mwanzoni mwa 2025, lalamiko lake la kwanza lilikuwa kwamba sikutaja matukio ya 2023! Tafadhali usiniambie habari za mgomo. Wahadhiri waligoma Septemba 2024, na kabati lilikuwa limeshanitunzia kazi yangu mwaka mmoja na nusu.

Kila muhula wa kusubiri nililipa ada. Hakuna aliyenifundisha chochote. Nililipia kusubiri kwenyewe, maana usipolipa jina linafutwa. Pesa hizo zilitoka kwenye bonasi ya mama, ile ya chai ya kila mwaka. Unaishi kwenye chai, sina haja ya kukueleza bonasi ni nini kwa nyumba yenye ekari moja na nusu. Malipo ya mwezi huishia kwenye unga na sukari. Bonasi ndiyo huezeka nyumba. Bonasi ya 2023 ililipia kusubiri. Ya 2024 nayo ikalipia kusubiri. Mabati ya mama bado yako dukani Litein.

Kazi ya kufundisha niliyoahidiwa ilinipita. Mchumba pia, lakini hilo tuliache.

Karani wa kituo chetu cha kununulia majani hajakanyaga chuo kikuu. Mama akileta kilo 17 na nusu, anapima na kumkatia risiti papo hapo, na ile nusu imo. Anajua majani yakilala guniani yanapata joto, yanageuka mekundu, na kiwanda kinayakataa. Lori likichelewa anapiga simu mpaka lije. Ofisi yako, yenye simu tatu mezani, haikumpigia mtahini hata mara moja.

Basi waambie wanafunzi wako wapya haya. Kila karatasi wanayowasilisha waipige picha, wadai muhuri na tarehe hata karani akinuna. Msimamizi wampelekee sura moja moja. Makala inayodaiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu waianze wakiwa bado uwandani. Wawe wasumbufu, mimi nilikuwa mpole, na umeona upole ulivyonigharimu bonasi mbili. Ada ya kusubiri waihesabu tangu siku ya kwanza, kwa kilo za majani kama shilingi hazitoshi kuwatisha.

Kwangu mimi nataka mawili. Bandika mlangoni rejista ya tasnifu: nani kaleta, lini, na sasa iko kwa nani. Pili, ada ya mihula niliyosubiri irudishwe, na irudishwe kwa mama. Najua vyuo vya umma vimezama kwenye madeni, magazeti tunasoma. Ila ni kikao gani kilichoamua yalipwe na wachuma chai wa hapa kwetu Konoin? Na wakubwa wanaokuja kwenye mahafali kuhesabu kofia, nani huwaonyesha makabati?

Siku uliyonialika ni zamu ya shamba letu kuchumwa, na majani hayangoji. Nikipata risiti yangu ya Machi 2023 kabla ya hapo, nitatafuta mtu wa kunishikia kikapu.

Mhitimu wako,
Mogogosiek, Bomet