Goma: Mtoto mwenye ulemavu asigeuzwe mtazamaji wa mchezo

Kila jioni, barabara ndogo za Goma hujaa kelele za watoto. Wavulana wanapiga mpira wa sasheti uliofungwa kwa kamba, wasichana wanaruka nzango. Mara nyingi kuna mmoja aliyekaa mlangoni mwa lupango, anaangalia tu. Hakuna aliyemfukuza, lakini pia hakuna aliyemwita.

Wazazi wana sababu zao. Wanaogopa mtoto ataanguka au atachekwa. Tena mawe ya volkano ya Goma hayana huruma kwa kiti cha magurudumu wala kwa mikongojo. Lakini mtoto anayefichwa ili asichekwe anakua bila rafiki. Mchezoni ndimo watoto wanajifunza kungoja zamu, kubishana kisha kupatana, na kushindwa bila kununa. Anayekosa mchezo anakosa masomo hayo yote.

Shuleni nako si afadhali. Mwalimu anayemwacha mtoto mlemavu darasani achunge mikoba ya wenzake wakati wa mapumziko anadhani anamhurumia. Kumbe anawafundisha wengine kwamba huyu si mwenzao.

Sheria haikosekani. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Kifungu chake cha 30 kinataka watoto hao wacheze sawa na wengine, hata shuleni. Tarehe 3 Mei 2022, nchi ilipata pia sheria yake yenyewe ya kulinda haki za watu hao.

Kinachobaki hakingoji pesa kutoka Kinshasa. Mpira ukifungwa ndani ya sasheti yenye kelele, asiyeona atausikia unakokwenda. Kwa asiyesikia, kitambaa kinachopeperushwa kinachukua nafasi ya filimbi. Na asiyeweza kuruka nzango asipewe kazi ya kuhesabu pointi kila siku: wote wakae chini, wacheze kwa mikono, naye apate zamu yake.

Watoto hubadilisha kanuni za michezo yao kila siku bila kuomba ruhusa. Wanachongoja ni mtu mzima mmoja, mzazi, jirani au mwalimu, amwite yule aliyekaa mlangoni kwa jina lake.